Kisichoguswa na Moto

"Shuka! Tena! Goti liangalie mbele, abaayo, lisikimbie pembeni!"

Arbia akashuka. Mapaja yalimtetemeka, jasho likamteremka kwenye nyusi likamwingia machoni. Jua lilikuwa halijapanda ukuta wa ua, lakini Garissa ilishaanza kuwaka. Nyuma yake wanawake walikuwa wamejipanga safu mbili, kila mmoja amevaa suruali ya michezo ndani ya dera, wanahema na kumtazama yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyewekwa mbele. Alikuwa mfano, na mfano haukai chini.

"Yurub, kichwa," alisema. "Kichwa kinanipasuka."

"Hiyo ndiyo inatoka!" Yurub akapiga makofi na kuwageukia wengine. "Mnamwona dada yangu, abaayo wangu? Huyu ana sumu ya karibu miaka arobaini. Sambusa, mafuta ya kukaangia, sukari vijiko vinne kikombe kimoja. Mlitaka itoke kimyakimya? Sumu ikihama nyumba lazima ivunje vyombo!"

Wanawake wakacheka. Arbia naye akacheka, maana ukichekwa na wengi ni heri ujiunge nao. Kisha akashuka tena, akahisi kiuno kinamuuma ndani kabisa ya mfupa, mahali ambapo hata mkono haufiki kukanda.

Tuseme ukweli mapema: hakuna aliyemshika Arbia kwa nguvu. Yurub, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa amerudi kutoka Eastleigh na talaka moja, mabegi mawili na elimu aliyoipata kwenye simu. Elimu yenyewe ilikuwa na sharti moja tu, nalo alilitangaza kila asubuhi kama mwadhini: tunakula kisichoguswa na moto. Wali haramu, nyama haramu, anjera haramu, chai ndiyo usiitaje. Halali ni karoti, kabichi, tende, tikiti la mashamba ya Tana na dengu zilizolowekwa mpaka zikachipua. Wiki ya kwanza mji mzima ulimcheka. Watu wa mifugo wanajua mpango wa dunia ulivyo: majani ni ya mnyama, na mnyama ni wa mtu. Anayekula majani mwenyewe amemruka mnyama, na hiyo ni dharau.

Kilichomwokoa Yurub ni maziwa. Mwanamke wa Garissa mnyime nyama atanuna, mnyime wali atalia, mnyime chai mtagombana mpaka jioni. Lakini ukimnyima maziwa ya ngamia, huyo umeshampoteza. Yurub akapata upenyo. Maziwa yanatoka kiweleni yanaingia chomboni, moto yameuona wapi? Basi yakawa halali. Kaka yao, Nunow, alikuwa amewashusha ngamia wa baba yao kutoka Griftu, malisho yalipoisha, akawaweka upande wa Modika. Kila alfajiri bodaboda ilileta madumu ya manjano, na Yurub akawagawia wanawake wake, kila mmoja na chupa yake. Hakuna aliyeogopa. Nyumbani waliyazoea ndani ya chai, ni kweli, lakini baba zao waliyanywa mabichi malishoni mpaka wakazeeka.

Naye Arbia hakutafuta wembamba. Duka lake la madera sokoni lilimfundisha kwamba mwanamke mwenye mwili ndiye anayelipendeza dera. Alitaka mtoto. Tangu aolewe na Ahmednoor hajawahi kushika mimba, na ndugu za mume walishaacha kuuliza. Sasa wanaangalia tu tumbo wakipita, halafu wanaangalia pembeni. Siku Yurub alipomkalisha mkekani akamwambia, "Abaayo, kizazi chako si kibovu, kimezibwa na mafuta ya moto, tukikisafisha kitafunguka," Arbia alilia. Angeambiwa ale changarawe, angeuliza tu aloweke kwanza au atafune hivihivi.

* * *

Ahmednoor alirudi na lori lake kutoka Takaba, vumbi mpaka kwenye kope, akakuta chakula cha jioni kimepangwa mezani: sahani ya kabichi.

"Mbuzi ameachiwa hii au ni mimi?"

"Yako iko jikoni. Nimekupikia."

"Umenipikia, wewe huli." Alikaa, akamtazama mkewe vizuri. Mashavu yalikuwa yameingia, shingo imetoka. "Arbia, mimi nilioa mwanamke. Sasa naona nimeletewa kuni."

Alikuwa mtu wa mzaha na Arbia alimpenda kwa hilo, ila jioni hiyo mzaha ulimchoma. Akasema ni wiki chache tu zimebaki. Ahmednoor akajiletea sahani yake kutoka jikoni. Lakini walipolala alishtushwa na unyevu: godoro lilikuwa limelowa, na mkewe anatetemeka kwa baridi katika nyumba ambayo watu wengine wangefungua madirisha yote kwa joto.

"Hii ni homa."

"Ni sumu. Yurub alisema itatoka kwa mawimbi. Kichwa, jasho, viungo. Wote wanaipata."

"Wote wanalowesha godoro?"

Arbia alikuwa ameshauliza mwenyewe darasani. Ilhan, binti wa jirani, ndiye mdogo kuliko wote, alimwambia, "Auntie, mimi niliumwa kichwa siku mbili tu, nikawa poa." Saado, aliyekuwa ananyonyesha, aliumwa tumbo kidogo. Wengine walikuwa wanapendeza. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anaoza, na Yurub alisema ni kwa sababu sumu yake ni kubwa kuliko za wote. Aibu hiyo aliibeba vilevile alivyozoea kubeba nyingine.

"Kesho twende hospitali," Ahmednoor alisema.

"Nikienda watanipa dripu na vidonge, kila kitu kitaharibika. Niache, Ahmednoor. Nimekuomba nini tangu unioe? Niache nimalize hili moja."

Akamwacha. Baadaye alijilaumu sana kwa hilo, ingawa nani angemlaumu? Mwanamke akikuomba mtoto kwa macho yale, humnyang'anyi njia.

Asubuhi, lori lilipoondoka, Arbia alimpigia mdogo wake simu. Sauti aliishusha ingawa nyumba ilikuwa tupu.

"Yurub. Siku zangu zimepita. Hazijaja."

"Zimepita sana?"

"Sana. Nafikiri... wewe unafikiri inaweza kuwa?"

"Abaayo, usijipe presha. Mazoezi makali hufanya hivyo. Mwili uko kazini, umefunga huku ili usafishe kule. Nimesoma. Ukianza kutangaza halafu isiwe, utavunjika moyo. Usimwambie hata Ahmednoor."

"Nipunguze kuruka?"

"Ukipunguza sasa, sumu inarudi kulala palepale kwenye kizazi. Na wanawake wakikuona umekaa, watakaa wote. Nivumilie."

Akamvumilia. Mtoto uliyemlea kwa mikono yako mwenyewe humwombi kiapo.

* * *

Siku moja homa ilimwamsha mapema kuliko adhana. Aliposwali hakuweza kutulia, akaona bora aende kwa Yurub, akajilaze kwenye mkeka mpaka wenzake wafike. Geti lilikuwa wazi. Bodaboda ilikuwa imeshapita, madumu yamepangwa kivulini.

Ikamjia harufu. Mtu aliyekula vibichi kwa wiki nyingi pua yake inakuwa kali, na harufu ile angeijua hata usingizini: maziwa yaliyochemka yakafurika, yakaungulia pembeni mwa sufuria.

Yurub alikuwa jikoni, amechuchumaa mbele ya jiko la gesi, kikombe mkononi. Alipomwona dada yake alisimama haraka mpaka maziwa yakamrukia kidoleni.

"Subhanallah! Umenishtua."

"Unachemsha?"

"Hii? Ni ya mgeni. Jana alilala hapa rafiki yangu wa Nairobi, si unajua watu wa Nairobi na matumbo yao. Amesema hanywi bila kuchemsha." Alicheka, akakiweka kikombe nyuma ya sufuria. "Keti, abaayo, una sura mbaya. Nikumiminie yako?"

Akammiminia kikombe kutoka kwenye dumu, maziwa baridi yenye povu. Arbia akakinywa chote akiwa amesimama. Alitazama mlango wa chumba cha kulala, ulikuwa wazi, na kitanda kilikuwa kimoja, na juu yake hakukuwa na mgeni. Pengine ameamka, alifikiri. Pengine ameenda msalani. Waswahili walishasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini ni nani huikung'uta nguo aliyojishonea mwenyewe?

* * *

Alianguka wiki ileile, katikati ya kuruka. Yurub alikuwa ameinua simu anapiga picha ya video, anahesabu kwa sauti kubwa, "Nne! Tano! Arbia, juu!" na Arbia alikuwa juu kweli, halafu kiuno kikakatika, halafu saruji ikawa shavuni. Alisikia Saado akipiga ukelele. Alipojaribu kuinuka aliona kwa nini. Dera lake lilikuwa la rangi ya maziwa, na nyuma lilikuwa limelowa damu.

"Zimekuja tu," Yurub alisema kwa haraka. "Ni siku zake, zilikuwa zimechelewa. Mkalisheni kivulini."

"Kivuli gani?" Saado alifoka. Alimvua Ilhan shuka, akamfunga nayo Arbia kiunoni. "Hii ni ya hospitali! Ita gari!"

Katika wodi walimpa kitanda dirishani. Muuguzi alikuwa mama mnene wa kutoka bara, mkarimu lakini sauti yake haikujua kunong'ona. Alimuuliza maswali na wodi nzima ikasikia.

"Ulijua una mimba, mama?"

Arbia alitikisa kichwa, kisha akakubali, kisha akatikisa tena.

"Sema tu. Mficha uchi hazai."

Muuguzi hakukusudia ubaya. Msemo ulimtoka tu kwa mazoea. Lakini Arbia aligeukia ukuta.

Daktari alikuja na majibu ya damu mchana. Alikuwa kijana, amechoka, na alivuta kiti akakaa kabla ya kusema, kwa hiyo Arbia akajua.

"Pole sana. Mimba imetoka yote. Ilikuwa changa bado." Akasubiri. "Hii homa umekuwa nayo tangu lini?"

"Si homa, daktari." Alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, cha kuuzia wageni madera. "Hii ni sumu tu. Nabita."

"Inapita kwenda wapi?"

Akamweleza: karoti, kuruka, mawimbi. Daktari hakucheka. Angecheka ingekuwa rahisi.

"Na maziwa je? Mabichi?"

"Ya ngamia. Kila siku."

"Mama, hujatoa sumu yoyote. Una brusela. Iko kwenye damu, iko kwenye viungo. Ndiyo hilo jasho, ndiyo hicho kiuno. Wafugaji wanaiita ugonjwa wa kutupa mimba, kwa sababu mnyama akiupata anatupa." Alifuta miwani yake kwa koti. "Kwa binadamu siwezi kuapa ni nini hasa kimeitoa. Ugonjwa, njaa, kuruka ukiwa na homa, yote yalikuwa juu yako. Dawa utapata na utapona. Nataka kujua kitu kimoja: hao ngamia, yuko aliyetupa mimba karibuni?"

"Hakuna," Arbia alisema. "Angekuwepo ningeambiwa."

Hata hivyo, daktari alipoondoka alimpigia Nunow. Upepo wa malishoni ulikuwa ukivuma ndani ya simu.

"Walaal, kaka yangu, ngamia wazima?"

"Wazima wapi? Watatu wametupa. Huyu wa mwisho ni yule mweupe wa baba." Nunow alikuwa anapiga kelele ili asikike. "Kwani hujui? Nilimpigia Yurub siku ya pili tu baada ya wa kwanza kutupa. Daktari wa mifugo alikuja hapa, akasema maziwa yasinywewe mabichi hata tone. Nikamwambia Yurub achemshe, awaambie na watu. Akasema sawa. Akaniambia mwenyewe anachemsha tangu siku hiyo." Upepo ukakata sauti kisha ukairudisha. "Arbia? Hakukwambia?"

Arbia aliishika simu sikioni mpaka ilipokatika yenyewe. Hasira haikuja kwanza. Alichohisi kwanza ni ujinga wake, na ulimuuma kuliko kiuno: alisimama mlangoni mwa jikoni lile, akanusa, akaona, akapewa kikombe, akakinywa chote.

Halafu akawakumbuka wengine. Akawaza Saado na mtoto wake wa kunyonya. Wanawake wa darasa walikuwa na kundi lao la WhatsApp, na Yurub hulituma humo kila alfajiri neno la kuwatia moyo. Arbia akabonyeza kurekodi, akaleta simu mdomoni, akaeleza habari ya ngamia na maziwa kwa Kisomali, polepole, ili hata aliye sokoni aelewe.

* * *

Yurub alikuja saa za kuwaona wagonjwa, ameshika chupa ya chai iliyochorwa maua, macho yake mekundu. Ahmednoor, aliyegeuza lori njiani na kufika kabla yake, aliinuka kitandani kwa mkewe, akaenda kusimama dirishani. Hakumsalimia shemeji yake, na Ahmednoor alikuwa mtu wa kusalimia hata punda.

"Abaayo." Yurub alipiga magoti kando ya kitanda. "Abaayo, nisamehe. Wallahi sikujua ilikuwa mimba."

"Nilikwambia."

"Nilidhani ni mazoezi. Nilisoma—"

"Na ngamia? Nao ulisoma?"

Yurub akainamisha kichwa. "Watu wote hunywa mabichi. Baba alikunywa mpaka akafa mzee. Ningewaambia wachemshe, ningesema nini? Kisichoguswa na moto, isipokuwa maziwa? Bila maziwa nani angebaki na karoti? Wangeondoka wote, na mimi ningerudi wapi? Eastleigh kwa nani?"

"Hao ni wanawake wa watu. Mimi je?"

"Wewe..." Alifuta pua kwa ncha ya ushungi. "Wewe una nguvu, abaayo. Wewe hujawahi kuugua."

Ahmednoor aligeuka, akafungua mdomo. Arbia alimwonyesha kwa mkono kwamba asiseme.

"Wananiuliza," Yurub alinong'ona. "Simu yangu inaita tangu mchana, nimeizima. Waambie ni presha. Waambie ulikuwa na presha ya zamani. Neno lako moja tu, halafu nitabadilisha kila kitu, nitachemsha, nitafanya unavyotaka."

"Nimeshawaambia."

"Umewaambia nini?"

"Washa simu yako usikie."

Yurub akakaa chini, palepale sakafuni. "Umenimaliza," alisema. "Dada yangu mwenyewe umenimaliza."

Arbia alimtazama. Alitaka kumtukana na hakupata tusi lililotosha. Kilichomtoka kilikuwa swali.

"Nani alikufundisha kuchemsha maziwa, Yurub?"

Yurub akajivuta karibu na mguu wa kitanda.

"Mama alipokufa hukuwa na hata jino. Ayeeyo, bibi yetu, alisema mtoto asiye na titi tumbo lake ni karatasi, maziwa mabichi yatalitoboa. Nilikuwa mtoto mwenyewe. Niliokota kuni malisho yote yale, watu wakinicheka, eti binti huyu anaharibu maziwa kwa moto. Nikichemsha, napoza, naonja, nakupa. Sikukupa kijiko kibichi. Hata kimoja, Yurub. Hata siku ya mvua, kuni zilipolowa, ulilia kutwa na sikukupa."

Yurub alianza kulia kwa sauti, wodi ikageuka kuangalia. Arbia hakulia. Alisubiri mpaka mdogo wake alipoinuka, akajifunika uso kwa ushungi na kutoka, bila kuaga, na viatu vyake vikasikika mpaka mwisho wa korido ya wodi.

Chupa ilibaki juu ya kabati. Ahmednoor aliifungua, mvuke ukatoka, akanusa.

"Ni maziwa. Ameyachemsha na iliki." Akaifunga. "Niyamwage?"

Alisema hivyo kwa shida. Kwao maziwa hayamwagwi. Mtoto akiyamwaga kwa bahati mbaya hupigwa, na mtu mzima akiyamwaga makusudi watu huogopa mvua itakataa.

"Maziwa hayana kosa," Arbia alisema. "Mpe huyo."

Kwenye kitanda cha pili alikuwa msichana aliyejifungua alfajiri, mgeni kutoka Hagadera ambaye hakuwa ametembelewa na mtu tangu asubuhi. Mchana kutwa Arbia alikuwa amejitahidi asiangalie kile alichokipakata. Ahmednoor akammiminia kikombe kimejaa. Msichana alikunywa kwa pupa, akashusha pumzi, akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Allah awabariki," alisema. "Matamu. Nani amewaletea?"

Ahmednoor alimtazama mkewe.

"Mtoto wangu," Arbia akajibu. "Ninaye mmoja tu."

Kisha akavuta shuka mpaka kichwani.